Kisangani–Basoko: Baleinière bila baleine, na sababu ya kubaki umekaa ukiona kiboko

Kila wiki baleinière zinatoka kwenye beach za Kisangani na kushuka mto kwenda Yangambi, Isangi na Basoko. Zinapakia chumvi, sabuni, nguo, bia na watu. Zikipanda tena zinaleta mchele, mihogo, makala, mawese, samaki wa moshi, na watu tena. Mtu aliyezaliwa kando ya mto analitaja jina hilo la baleinière mara nyingi sana bila kujiuliza limetoka wapi. Kumbe ndani yake kuna mnyama. Baleine ni nyangumi, yule mnyama mkubwa kuliko wote wa bahari, na baleinière maana yake ni chombo cha kuwindia nyangumi.

Zamani wawindaji wa Ulaya na Marekani walivuka bahari kwa meli kubwa. Wakimuona nyangumi, hawakumkaribia na meli yenyewe. Walishusha majini mtumbwi mwepesi wa mbao, mrefu na mwembamba, uliochongoka mbele na nyuma pia. Sababu ya kuchongoka pande zote mbili ilikuwa moja: nyangumi aliyechomwa mkuki anageuka kwa hasira, na wapiga makasia hawana nafasi ya kuzungusha chombo. Wanarudi nyuma vilevile walivyokuja. Wazungu wa wakati wa ukoloni walileta mitumbwi ya namna hiyo huku mtoni, na jina likaja nayo. Baadaye mafundi wetu wakaongeza urefu na upana, wakaweka moteur ya mazuti, wakafunika na bâche. Chombo kilibadilika na jina likabaki. Leo baleinière nyingi za Tshopo ni ndefu kuliko nyangumi mwenyewe, maana nyangumi mwenye nundu, yule anayeonekana sana kwenye pwani za Afrika, ana urefu wa mita 13 hadi 16 hivi.

Ndiyo maana watoto wanaosafiri mara ya kwanza wanauliza swali zuri: huyo baleine yuko wapi?

Jibu ni kwamba mtoni kwetu hayuko, na pomboo (wale dauphin wa kwenye televisheni) hawako pia. Si kwa sababu maji ni ya chumvi au hayana chumvi. Huko Amerika ya Kusini, mto Amazon una pomboo wanaoishi katika maji matamu, mbali sana na bahari. Mto Ganges wa India unao pia. Mto Yangtze wa China ulikuwa nao, lakini watafiti walipoutafuta mto mzima mwaka 2006 hawakumuona hata mmoja. Kwetu kizuizi ni mawe. Kati ya Kinshasa na Matadi mto Kongo unashuka kwa maporomoko na maji makali kwa urefu wa kilometa karibu 350, na huko ndiko Inga iko. Pomboo anayetoka bahari ya Atlantiki anaweza kuingia mdomo wa mto karibu na Banana, pengine na kupanda kidogo, lakini mbele yake kuna ukuta wa maji. Hata meli haipiti. Kwa hiyo mto wa katikati, kutoka Kinshasa hadi Kisangani, kilometa 1.734 zinazopitika na meli, umefungwa pande zote mbili: chini na maporomoko hayo, juu na Boyoma, yale maporomoko saba kati ya Ubundu na Kisangani.

Anayetaka kuona nyangumi bila kutoka Kongo anapaswa kwenda Muanda, kwenye pwani yetu fupi, katika miezi ya kiangazi cha kule, kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi hivi. Wakati huo nyangumi wenye nundu wanapanda kutoka maji ya baridi ya kusini ya dunia kuja kuzaa katika maji ya joto. Upande wa mashariki wanafanya vilevile: wanapita Watamu kule Kenya, na Zanzibar. Kule Kizimkazi, kusini ya kisiwa cha Unguja, watalii wanapanda boti kufuata pomboo, na boti zikizidi pomboo wanakosa nafasi ya kupumzika na kunyonyesha. Ni mbali na Basoko, lakini shida ya watu kumkaribia mnyama kupita kiasi iko hata huku, na huku anayelipa ni abiria.

Ndugu wa nyangumi

Sasa kuna jambo linaloshangaza watu wengi. Wataalamu waliochunguza damu, mifupa na mabaki ya wanyama wa kale wanakubaliana kwamba, kati ya wanyama wote wanaoishi leo, ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi na pomboo ni kiboko. Si samaki, si mamba, si nguruwe tunayemfananisha naye. Babu yao mmoja aliishi miaka zaidi ya milioni 50 iliyopita. Ukoo mmoja ulikwenda baharini ukapoteza miguu. Ukoo mwingine ulibaki kando ya mito na majani. Ukimtazama kiboko vizuri unaona udugu huo: hana manyoya, anazaa ndani ya maji na kunyonyesha ndani ya maji, anafunga pua akizama, na anapotoka anapuliza pumzi kwa nguvu hadi matone yanaruka.

Basi abiria wa baleinière anayesikia ile pumzi karibu na kisiwa, njiani kuelekea Basoko, amesikia kitu kilicho karibu zaidi na nyangumi katika mto wote. Lakini siku hizi si kila safari inampa mtu bahati hiyo. Kiboko amewindwa sana kwa nyama na meno, na karibu na miji amekuwa adimu. Mara nyingi kinachoonekana ni masikio mawili na macho, halafu maji yanafunga.

Na hapo ndipo hatari inaanza. Mtu mmoja anapiga kelele «kiboko!», na wote walio upande wa kushoto wa chombo wanasimama na kukimbilia kuume.

Hesabu yake si ngumu. Chukua watu 40 wa kilo 60 kila mmoja: ni kilo 2.400, karibu tani mbili na nusu, zinazohama upande mmoja ndani ya sekunde chache. Baleinière ni nyembamba. Tena abiria hawakai chini ya chombo. Chini kuna magunia, juu ya magunia kuna mizigo mingine, na juu kabisa kuna watu. Uzito ukiwa chini chombo kinarudi chenyewe kikilala. Ukiwa juu kinaendelea kulala. Na kila baleinière ya mbao inaingiza maji kidogo kwenye sakafu, hata kama kuna kijana anayeyachota mchana kutwa. Chombo kikilala, maji hayo yanakimbia upande uleule uliokwisha kushuka na kuongeza uzito pale usipotakiwa. Ukingo ukigusa mto, mto unaingia. Watu wanaosimulia ajali husema chombo «kilipinduka ghafla», na kwa macho ni kweli. Kwa hesabu kilikuwa kimeanza kupinduka pale bandarini, walipoongeza gunia la mwisho.

Wakaaji wa Goma na Minova hawahitaji kuelezwa sana. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wa ng'ambo wakiangalia. Video iliyosambaa kwenye simu ilionyesha namna ilivyolala upande mmoja, halafu ikapinduka. Ziwa Kivu na mto Kongo si maji ya namna moja, lakini uzito unafuata sheria moja popote.

Upepo na ndege

Basoko iko pale mto Aruwimi unapoingia katika Kongo, kilometa karibu 200 chini ya Kisangani. Wasomaji wa Ituri wanaujua mto huo kwa jina lingine: ni Ituri yao wenyewe. Maji yanayopita Mambasa, yanayopokea yale ya Epulu, yanapata jina la Aruwimi baada ya kukutana na mto Nepoko, na mwisho yanafika Basoko. Pale mto ni mpana, umegawanyika na visiwa, na mahali pengine hakuna kitu kinachokata upepo. Upana huo ni mzuri kwa macho. Kwa chombo kidogo ni jambo lingine, kwa sababu wimbi linakua kufuatana na nafasi upepo unayopata ya kusukuma maji. Mahali mto ni mwembamba na una msitu pande mbili, upepo uleule unatoa mikunjo tu juu ya maji. Mahali pa wazi unatoa mawimbi. Upepo ukipiga kinyume cha mkondo ni mbaya zaidi: mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama, yanafuatana haraka, na chombo hakipati muda wa kupanda juu ya moja kabla ya lingine kuja.

Zoruba kubwa za sehemu yetu ya Afrika mara nyingi zinatembea kutoka mashariki kwenda magharibi, na zinapenda saa za baada ya mchana na jioni. Hapo kuna jambo la kukumbuka: kutoka Kisangani kwenda Basoko mto unaelekea magharibi, halafu kaskazini-magharibi. Maana yake zoruba mara nyingi inakuja kutoka nyuma ya mgongo. Abiria wote wanatazama mbele, wanacheza karata, wanatazama ndege, na wingu jeusi linawafuata. Mtu mmoja mwenye kazi ya kutazama nyuma anafaa kuliko kumi wanaotazama mbele.

Dalili ziko wazi kwa anayezitafuta. Hewa inasimama, joto linabana, halafu upepo wa baridi unapiga mara moja, na mvua haijaanza bado. Radi pia inatoa hesabu. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde hadi usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, utapata kilometa. Sekunde tisa ni kilometa tatu hivi. Kwa baleinière yenye mzigo, kilometa tatu si nafasi ya kumaliza safari; ni nafasi ya kutafuta ukingo, tena bila kubishana.

Na ndege? Siku ya upepo ndiyo siku ya kuwaona vizuri, kwa sababu hawapendi kupigana na upepo bure. Wanashuka. Wanakusanyika kwenye mchanga au nyuma ya kisiwa, upande usiopigwa. Wote wanageuza mdomo kwenye upepo kusudi manyoya yao yasifunuliwe, na ukiona kundi zima limetazama upande mmoja umejua upepo unatoka wapi, bila bendera. Ni kivuli hichohicho cha kisiwa ambacho nahodha mwenye akili anakitafuta.

Kati yao yuko mmoja anayestahili kuitwa ndege wa bahari wa kwetu. Kwa Kifaransa anaitwa bec-en-ciseaux, mdomo wa mkasi. Juu ni mweusi, chini mweupe, mdomo mwekundu wenye ncha ya njano, na kipande cha chini cha mdomo ni kirefu kuliko cha juu. Yeye ni wa ukoo wa shakwe, wale ndege weupe wa pwani, lakini anaishi kwenye mito na maziwa ya ndani ya Afrika. Anavua kwa namna yake peke yake: anaruka chini kabisa, anafungua mdomo, kipande cha chini kinakata maji sawa kisu, na kikigusa samaki mdomo unafunga. Kazi hiyo inadai maji yaliyotulia, zaidi sana asubuhi, jioni na hata usiku. Mto ukiwa na mawimbi hawezi kuvua. Kwa hiyo ukiwaona wamekaa mchana kutwa kwenye mchanga, hawana uvivu. Wanangoja kama wewe.

Shida yake ni nyumba. Hajengi juu ya mti. Maji yakishuka na mchanga kutokea katikati ya mto, anakwaruza shimo dogo na kutaga hapo wazi, mayai yenye rangi ya mchanga. Mchanga huohuo ndio wavuvi wanajenga kambi, na ndio wasafiri wanashuka kupika na kunyoosha miguu. Mtu anaweza kukanyaga mayai matatu bila kujua. Wimbi la chombo kinachopita kwa kasi karibu na ukingo linaweza kuyafagia. Anayeshuka mahali na kuona ndege hao wanazunguka juu ya kichwa chake wakilia, basi amesimama katikati ya nyumba yao. Akihama hatua hamsini, wanarudi kulala mayai.

Wengine wanajulikana zaidi. Kuna tai mvuvi mwenye kichwa cheupe, anayesikika mbali mbele ya kuonekana. Kuna yule tai mweupe na mweusi anayekaa karibu na michikichi: huyo ni wa ukoo wa tai mzoga, lakini chakula anachopenda ni ngazi, na hakuna mzee wa kijiji aliyewahi kumlaumu kwa kuku wengi. Kuna mnandi wanaokausha mabawa yaliyofunguliwa. Kuna korongo na yangeyange wanaosafiri bure juu ya majani yanayoelea, yale ambayo watu wa mto wanaita Kongo ya sika. Mmea huo si wa kwetu; ulitoka Amerika ya Kusini na ulivamia mto katika miaka ya 1950. Unafunga bandari na kukamata hélice, lakini kwa ndege umekuwa baleinière isiyodai tikiti. Na kuanzia mwezi wa kumi hivi wanaonekana ndege wadogo wa ukoo uleule wa shakwe, wepesi sana, waliotoka kuzaa Ulaya na Asia, wakizunguka juu ya maji mpaka karibu mwezi wa nne.

Jioni, kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu wanavuka mto kwenda kulala. Wazee wa Tshopo wanakumbuka makundi makubwa. Biashara yao ya kimataifa ilifungwa na nchi za mkataba wa CITES mwaka 2016, sababu wamekamatwa kupita kiasi.

Kutazama umekaa

Hakuna sababu ya kumkataza abiria kutazama. Safari ni ndefu, na mto huu una vitu ambavyo watu wa mbali wanalipa pesa nyingi kuja kuviona. Lakini kuna namna ya kutazama. Kaa. Ukiona kitu, onyesha kwa mkono na acha kitu kipite; chombo kinasogea, na walio upande mwingine watakiona nyuma yake au hawatakiona, basi. Mtoto akae katikati ya miguu ya mtu mzima. Akina mama wanaobeba watoto mgongoni wamfungue mtoto upepo ukianza, amkae mbele, maana aliyefungwa mgongoni hana namna ya kuogelea wala ya kuokolewa haraka.

Bâche ni jambo lingine linalosahaulika. Watu wanaifunga pande zote kusudi mvua isiingie. Upepo ukija, ukuta huo wa bâche unageuka tanga la kusukuma chombo upande, tena abiria wanabaki kama ndani ya gunia. Ni afadhali kulowa. Fungua pande, kaa chini, punguza urefu wa kila kitu.

Mwaka 2019, baada ya ajali ya ziwa Kivu upande wa Kalehe, rais Félix Tshisekedi alisema kila abiria wa majini awe na gilet. Kusafiri usiku pia kumekatazwa mara nyingi na wakubwa wa usafiri. Kila mtu anayepanda anajua namna sheria hizo zinavyoheshimiwa. Gilet moja ikifungwa juu ya nguzo kwa ajili ya kuonyesha kontroli haiokoi mtu. Anayeweza kununua yake aivae tangu beach, kwa sababu hakuna anayepata nafasi ya kuivaa ndani ya maji gizani. Asiyeweza, bidon tupu ya lita 20 iliyofungwa kifuniko vizuri inaelea na mtu akiishika, wavuvi wanajua.

Stanley, alipofika kwenye mdomo wa Aruwimi tarehe 1 mwezi wa pili 1877, alikutana na kundi kubwa la mitumbwi ya watu wa Basoko. Aliandika kwamba mkubwa kati yake ulikuwa na wapiga kafi 80, mistari miwili, wote wamesimama. Mtu anaweza kuuliza: kama wale walisimama bila kupinduka, sisi tukatazwe kwa nini? Wale walikuwa 40 kila upande, wanainama pamoja na kuinuka pamoja, wamejifunza tangu utoto, na chini yao hapakuwa na magunia ya mchele.

Ukifika Basoko mchana na upepo umelala, tazama upande wa kuume pale Aruwimi inapoingia. Miezi ya maji madogo mchanga unatoka, na kama hakuna aliyepiga kambi mwaka huo, wenye mdomo wa mkasi wanaweza kuwa pale, wamepangwa mstari, mdomo kwenye upepo.